Timu ya Baiskeli kwenye Barabara ya Voi hadi Mghange

Mbio za baiskeli za barabarani ni mchezo wa timu ambao kikombe chake hubebwa na mtu mmoja. Waendeshaji watano, sita au wanane huvaa jezi za rangi moja na kuanza pamoja, kisha kwa saa tatu au nne wengi wao hufanya kazi isiyoandikwa kwenye matokeo: kukata upepo, kusambaza maji, kufukuza wapinzani waliochomoka mbele, kumrudisha kundini nahodha aliyepata pancha. Timu ya kulipwa hufanya kazi hiyo kwa mshahara. Timu ya ridhaa huifanya bure, na wachezaji wake ni walimu, mafundi, wanafunzi na vijana wa sokoni wanaofanya mazoezi kabla ya jua kuchomoza au baada ya kufunga duka.

Ushirikiano huo haukukubaliwa tangu mwanzo. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alitaka kila mtu apambane kivyake. Mwaka 1911 alimkejeli Mfaransa Maurice Brocco kuwa ni mtumishi wa wenzake, kwa kuwa alikuwa tayari kuwasaidia wapinzani kwa malipo. Desgrange alikuwa na gazeti, kanuni na waamuzi, lakini upepo ulikuwa upande wa kina Brocco. Katika mbio za kuanza pamoja ni vigumu kanuni kumzuia mtu kujibanza nyuma ya mgongo wa mwenzake, na baada ya miongo michache timu zikawa ndizo uti wa mgongo wa mchezo.

Sababu ni ya kimaumbile. Kwenye barabara tambarare, mwendeshaji anayekwenda kilomita 40 kwa saa hutumia sehemu kubwa mno ya nguvu zake kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Kutoka kilomita 30 kwenda 40 kwa saa, mwendo huongezeka kwa theluthi moja tu, ilhali nguvu ya kupambana na hewa huzidi maradufu. Aliye nyuma ya mwenzake, gurudumu lake la mbele likiwa karibu kugusa la nyuma la aliyetangulia, huokoa robo hadi theluthi ya jasho lake. Ndani ya kundi kubwa nafuu ni zaidi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, kwa kutumia mfano wa kundi la waendeshaji 121, vilionyesha kwamba walio katikati na nyuma hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa anaoupata mtu aliye peke yake. Aliyekaa humo kwa saa tatu na aliyekuwa mbele kwa saa tatu hufika kilomita ya mwisho wakiwa na miguu tofauti kabisa.

Kaunti ya Taita Taveta ina barabara inayoonyesha karibu kila sura ya mchezo huu kwa safari moja. Inaanzia Voi, mji wa barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Inakwenda takribani kilomita 25 hadi Mwatate, kwenye shamba kubwa la mkonge, ikipanda polepole kiasi kwamba mgeni hadhani anapanda. Hapo Mwatate barabara inagawanyika. Tawi moja linashika njia ya Bura, Maktau na Taveta hadi mpaka wa Tanzania. Tawi la pili linaiparamia milima ya Taita kwa kona juu ya kona hadi Wundanyi, karibu mita 1,400, na kutoka hapo njia za Werugha zinaendelea kupanda kuelekea Mghange, kwenye ubaridi, ukungu na mashamba ya mboga, chini ya kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Mchezaji aliyezaliwa Mghange hukulia juu na kufanya mazoezi ya kasi chini. Vijana wengi wa baiskeli hawana bahati ya kupata yote mawili ndani ya nusu siku.

Sehemu ya Voi hadi Mwatate ni darasa la upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ambayo Ulaya ni majira ya joto na huku ni kiangazi cha kusi, upepo huvuma kutoka kusini mashariki na kumpiga ubavuni, upande wa kushoto, anayekwenda Mwatate. Upepo wa ubavuni ni hatari kuliko wa mbisho, kwa kuwa kumkaa mtu mgongoni hakusaidii. Kivuli cha upepo kinaangukia kando. Timu inayojua kazi yake hujipanga kwa mshazari: wa kwanza hukaa upande wa joshini, kama wasemavyo mabaharia, na kila anayefuata hujisogeza kidogo kulia na nyuma, gurudumu lake la mbele likiwa sambamba na la nyuma la mwenzake. Aliye mbele huvuta kwa sekunde 20 au 30, kisha husogea upande unakotoka upepo, hupunguza kanyagio na kurudi mkiani huku mwingine akishika usukani wa kundi. Mzunguko hauna pengo. Anayevuta kwa pupa kuwaonyesha wenzake kwamba ana nguvu huuvunja mshazari, na wakongwe humkaripia kuliko wanavyomkaripia mvivu.

Mshazari una kikomo, nacho ni upana wa lami. Katika mashindano ambayo barabara haijafungwa, kundi haliruhusiwi kuvuka mstari wa katikati, kwa kuwa malori ya Taveta na mpaka wa Tanzania yanakuja upande wa pili. Nusu ya barabara hutosha watu watano au sita wa mshazari. Wa saba hana kivuli. Hubaki juu ya mstari akipigwa na upepo wote, akijitahidi kushika gurudumu lisilomkinga chochote, na baada ya dakika chache mwanya wa mita moja huwa wa mita kumi, kisha huwa mwisho wa mashindano kwake. Ndiyo sababu timu ya watu sita walioelewana inaweza kuwamaliza wapinzani hamsini kwenye tambarare bila kupanda kilima hata kimoja: hujaza nafasi zote za kivuli, huongeza mwendo, na kuwaacha wengine wakigombea mstari. Wakati wa kurudi Voi mambo hugeuka. Upepo huwa wa kulia, mshazari huelekea ukingo wa lami, na wa saba hujikuta kwenye murramu.

Baada ya Mwatate sheria zinabadilika, kwa kuwa adui si hewa tena. Kwenye mwinuko mkali mwendo hushuka hadi kilomita 15 kwa saa au chini ya hapo, na faida ya kujibanza nyuma ya mtu huwa ndogo. Kinachoamua ni nguvu ikigawanywa kwa uzito, wa mwili pamoja na wa chombo. Hesabu yake ni rahisi. Mwendeshaji wa kilo 60 aliyekalia baiskeli ya mashindano ya kilo 8 anapandisha jumla ya kilo 68. Akikalia Black Mamba ya chuma yenye karibu kilo 20, ile inayobeba mitungi ya maji na magunia ya kabichi, anapandisha kilo 80. Kwa nguvu zilezile, mlima wa dakika 35 unakuwa wa dakika 41 hivi. Dakika sita katika mchezo huu ni umbali wa kutosha kumwondoa mtu machoni mwa waamuzi. Ndiyo maana huwezi kumhukumu kijana wa kijijini kwa muda wake bila kuuliza alikuwa amekalia nini.

Mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, alilitilia maanani jambo hilo. Aliamini kwamba nchi iliyotoa wakimbiaji bora wa dunia haiwezi kukosa wapanda milima wa baiskeli, akaja kuwatafuta. Mwaka 2008 aliwapeleka Ufaransa Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, mmoja akiwa mbeba abiria kwa baiskeli na mwingine mng'arisha viatu, wakapimwe kwenye Alpe d'Huez, mlima wa kilomita 13.8 na kona 21 ambao waendeshaji wa Tour hupimiwa. Nderi aliupanda kwa dakika 42 hivi. Kwa mtu asiyekuwa na timu wala kocha wa kudumu ni muda wa kushangaza, na kutokana na jaribio hilo ikazaliwa timu ya Kenyan Riders iliyokuwa na kambi Iten.

Lakini mlima ukiwa mtupu, wenye mtu mmoja na saa, haufundishi kukaa katika kundi la watu mia moja. Mwenye mapafu ya mbuzi wa milimani anaweza kuachwa kwenye tambarare kabla hajaufikia mlima wake, kwa kuwa aliogopa kusogelea bega la mwenzake au alikaa mkiani kila kona. Kwa mchezaji wa Mghange hili ni somo la kwanza: nguvu za Wundanyi hazina thamani zikishakwisha kabla ya Mwatate. Timu humtunza mpanda mlima wake kama mzigo wa mayai mpaka mlima uanze. Mmoja humkinga upepo, mwingine humletea chupa, wa tatu humpandisha hadi safu ya mbele kilomita mbili kabla ya mwinuko, pale ambapo kila timu inafanya hivyohivyo na viwiko vinagongana. Mlima ukianza, wasaidizi huvuta kwa zamu hadi kila mmoja aishiwe, kisha hujitoa kando. Wa mwisho akijitoa, nahodha hubaki kuimalizia kazi, na kuanzia hapo hana wa kumsaidia.

Aliyepanda lazima ateremke, na mteremko wa Wundanyi kwenda Mwatate hausamehe. Kona ni za kufumba na kufumbua, matatu zinapanda, na asubuhi ya ukungu lami huwa na utelezi. Kanuni zinazofundishwa ni chache: funga breki kabla ya kona, usifunge ndani yake, mguu wa upande wa nje uwe chini na ubebe uzito, macho yatazame mahali unapotoka kwenye kona, wala si gurudumu la aliye mbele. Breki zinazobana rimu hupata moto zikishikwa mfululizo, hivyo hushikwa na kuachiwa, kushikwa na kuachiwa. Hatari si ya kufikirika. Novemba 2014 John Njoroge Muya wa Kenyan Riders alifariki baada ya kugongana na gari katika mashindano ya Tour of Matabungkay, Ufilipino. Helmeti huokoa kichwa katika maanguko mengi, haisimamishi gari. Kwa hiyo mwandaaji anayepanga mashindano kwenye barabara ya milima bila polisi wa trafiki, bila watu wa bendera kwenye kona na bila ambalensi, anastahili kukataliwa hata kama zawadi yake ni nono.

Pancha hueleza timu kuliko hotuba yoyote. Timu kubwa hufuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba. Timu ya ridhaa mara nyingi haina gari, au gari liko nyuma ya kundi lililokatika vipande vitatu. Nahodha akisikia rimu inagusa lami huinua mkono. Msaidizi wa kimo chake, aliyechaguliwa kwa kuwa baiskeli zao zinalingana, husimama ukingoni, huchomoa gurudumu lake mwenyewe na kumkabidhi. Zoezi lote, likifanywa na waliolirudia mara nyingi nyumbani, ni la sekunde 20. Nahodha huondoka akisukumwa mgongoni, na wengine wawili hungoja mbele kidogo ili wamvute arudi kundini. Aliyetoa gurudumu hubaki amekaa juu ya kingo ya daraja na baiskeli ya gurudumu moja, akisubiri pikapu ya mwisho. Kwenye matokeo ataandikwa kwamba hakumaliza.

Kiangazi ndicho msimu wa mashindano kwa sababu zinazotofautiana kati ya Ulaya na Afrika Mashariki. Ubelgiji na Ufaransa huwa na jua hadi saa tatu usiku wakati wa Julai, na vijiji huandaa mbio za mizunguko ambazo mfanyakazi anaweza kushiriki baada ya kazi. Kwa wanaoishi karibu na ikweta jua halirefuki hivyo. Kinachobadilika ni mvua. Mvua za masika za Machi hadi Mei na zile za vuli za Novemba na Desemba huharibu barabara za vijijini, hubomoa kingo na kuacha matope kwenye lami. Juni hadi Oktoba kuna ukavu, na joto la Voi ni la wastani kuliko la Januari na Februari. Hata hivyo wenye busara huanza saa kumi na mbili asubuhi na kutaka kumaliza kabla ya saa nne. Kuelekea Maktau, ambako barabara inapita ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kuna sababu ya ziada ya kungoja mwanga: tembo huvuka lami kwa wakati wanaoutaka wao.

Chakula hakina siri kubwa. Kimanga, chakula cha Wataita, ugali, viazi vitamu, ndizi na uji hujaza misuli wanga usiku na alfajiri. Ndani ya mashindano mwili huhitaji gramu 60 hivi za wanga kila saa, na ndizi moja ina kama 25, kwa hiyo mifuko ya nyuma ya jezi hujazwa ndizi, tende au viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi. Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa saa, yakiwa na sukari na chumvi kidogo. Kosa la wanaoanza ni kungoja njaa. Njaa ikishafika, miguu imekwisha kuzima, na hakuna cha kuiwasha kabla ya mstari wa mwisho.

Chombo ndicho ukuta mkubwa zaidi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, lililoanzishwa Paris mwaka 1900, haliruhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Hakuna timu ya kijijini inayosumbuliwa na kanuni hiyo. Inayowasumbua ni bei ya baiskeli ya mtumba yenye fremu nzuri, na baada ya hapo bei ya matairi, cheni na spoki zisizopatikana kwa fundi wa kawaida. Timu ya ridhaa ikipata fedha kidogo, inafaa kununua matairi mazuri na breki nzima kabla ya fremu nyepesi. Mwenye fremu nzito huchelewa. Mwenye tairi lililochoka huanguka na huangusha wengine.

Njia ya kutoka kijijini hadi mashindano ya nje imeshakanyagwa na Wakenya kadhaa. David Kinjah, nahodha wa zamani wa timu ya taifa, aliwakusanya vijana nyumbani kwake Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, katika kikundi cha Safari Simbaz. Humo alifundishwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, kisha akaanza kuiwakilisha Uingereza na kushinda Tour de France mara nne. Suleiman Kangangi alitoka Kenyan Riders, akawa wa tatu kwenye Tour du Rwanda ya mwaka 2017, akasajiliwa na timu ya Bike Aid ya Ujerumani. Baadaye aliongoza Team Amani, iliyoundwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate mashindano ya kutosha bila kungoja viza za Ulaya. Alifariki Agosti 2022 kwa ajali katika mashindano ya barabara za changarawe Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33.

Rwanda imekwenda mbali zaidi. Mashindano yake ya Tour du Rwanda yaliingia kalenda ya UCI mwaka 2009, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa barabarani. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 zenye jumla ya miinuko ya zaidi ya mita 5,000. Mslovenia Tadej Pogačar alishinda, na ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Wasichana wa chini ya miaka 23 walipata kwa mara ya kwanza mashindano yao wenyewe ya ubingwa huo badala ya kuchanganywa na wakubwa. Kigali iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, hewa ileile ya Wundanyi, na kona zake hazitofautiani sana na za Taita. Tofauti ni kwamba Rwanda ilitumia zaidi ya miaka kumi kufunga barabara zake mara kwa mara kwa ajili ya baiskeli hadi wananchi wakazizoea.

Anayetaka kushiriki mashindano rasmi huhitaji leseni ya shirikisho la taifa na hupangwa kwa umri: vijana wa miaka 17 na 18, chini ya miaka 23, wakubwa, na maveterani kuanzia miaka 30. Mashindano ya kirafiki ya kaunti hayana masharti hayo, na huko ndiko timu nyingi huanzia. Kabla ya kulipa kiingilio, timu hukaa chini na kukubaliana mambo mawili. La kwanza ni nani nahodha wa siku, kufuatana na barabara: mwenye mbio za mwisho kama mashindano yanaishia Voi, mpanda mlima kama yanaishia Wundanyi. La pili ni fedha. Desturi ya mchezo ni kwamba zawadi hutiwa kwenye mfuko mmoja na kugawanywa sawa kwa wote walioanza, akiwemo aliyebaki juu ya kingo ya daraja. Mshindi hubaki na kikombe. Timu zisizoandika makubaliano hayo mapema huvunjika baada ya ushindi wa kwanza, mara nyingi kwa ugomvi wa kiasi kidogo cha fedha, na msaidizi aliyedhulumiwa mara moja hatavuta tena kwa moyo kwenye upepo wa Mwatate.